Miguu Iliyomfikisha Ng'ombe wa Idd

Ukitaka kumjua mswagaji wa ng'ombe, usimtazame usoni. Mtazame nyuma, chini ya magoti, pale shavu la mguu lilipojificha. Uso huweza kudanganya, shavu la mguu halina hila hiyo. Mashavu yangu mimi, hata sasa ninapokaa nyumbani hapa Ndavaya bila kamba mkononi, ni magumu kama mihogo mikavu, na sioni haya kuyaonyesha. Nimeyatolea jasho.

Kazi yangu ilikuwa kuwatoa ng'ombe katika nyika yetu hii kavu na kuwafikisha pwani kwa miguu: tunapita vilima vya Lukore, tunashukia Mivumoni, tunavuka mto Mkurumudzi, tunatokea Msambweni. Msimu wetu mkubwa ulikuwa kabla ya Idd ya kuchinja. Mtaniuliza, kwani malori hayapo? Yapo, tena yanapita hapa mbele ya mlango wangu. Lakini ng'ombe akiwa juu ya lori huteleza, hukanyagwa na wenzake, hugonga goti kwenye ubao kila shimo linapokutana na tairi. Akiteremshwa, anachechemea. Na mnyama anayechechemea waziwazi hafai kwa Idd, kwa sababu anayechinjwa kwa ajili ya Mola anatakiwa awe hana kasoro. Basi wanaojua hutaka ng'ombe aliyekuja kwa miguu yake. Na ng'ombe anayekuja kwa miguu yake sharti awe na mtu naye anayekuja kwa miguu yake.

Sasa kamba mnazo nyinyi, wanangu. Nawaona mkipita asubuhi na fimbo zenu, na nawasikia mkirudi mnalalamika: msuli umenibana, mguu umekuwa gogo, nimelala njiani kama mtoto nikilia. Wengine wenu hamswagi chochote, mnatembea masafa kwa mambo yenu tu, kwa matembezi ya hisani na mashindano ya vijana. Hayo ni mamoja. Mguu hauulizi unatembea kwa sababu gani. Kaeni niwaambie ninachokijua.

Sikuzaliwa ndani ya kazi hii. Nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja kule Galu, miguu yangu imezoea majani laini yaliyofyekwa na maji ya kunyunyizia. Hoteli ilipofunga milango nilirudi nyumbani nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nikaenda kwa Mama Mbeyu kuomba kazi. Mama Mbeyu alikuwa mjane aliyerithi fimbo ya mumewe, na hapana mswagaji wa huku aliyemzidi. Alikuwa akitembea nyuma ya kundi kila siku. Wa mbele anaona njia, alikuwa akisema, wa nyuma anaona miguu.

"Geuka," aliniambia nilipomaliza kujieleza.

Nikageuka. Akaniinua suruali kwa ncha ya fimbo, akayatazama mashavu ya miguu yangu, akaguna.

"Haya ni maandazi," akasema. "Haidhuru. Tutayakausha."

Mpwa wake, Chaka, alikuwa ameegemea ua akitafuna muwa. Alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo hakuniita Salimu tena mbele za watu. Aliniita Andazi.

Safari yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha Chaka mimi ni nani. Nilikuwa na viatu vya michezo alivyoniachia mgeni mmoja wa hotelini, vipya, vyeupe kama yai, na tangu tulipoondoka nikawa natembea kama mtu aliyeitwa na polisi. Asubuhi nzima niko mbele, sigeuki nyuma. Jua lilipopanda nikasikia shavu la mguu wa kulia linatekenya, kama panya anapita chini ya ngozi. Kutekenya huko, wanangu, ndiko salamu yake. Msuli hauji kwa ghafula kama watu wanavyodai. Hubisha hodi kwanza. Mimi sikuitikia hodi, na wenyewe ukavunja mlango.

Nilianguka kando ya njia. Shavu lilikuwa limejikunja likawa kama ngumi, unyayo umeelekea chini, siwezi kuukunja mguu wala kuunyoosha. Chaka alikuja mbio na kipande cha kamba.

"Tuufunge, usipande juu!"

"Usipande uende wapi?" nikalia.

"Ukifika tumboni, umekwisha."

Akaukaza mguu kwa kamba kama anafunga mzigo wa kuni. Maumivu yakawa mawili. Mwenzetu mwingine wa safari ile, mzee wa makamo, akauliza ni nani aliyeniruka miguu usiku wakati nimelala, maana aliyerukwa sharti arukwe tena kinyume ili deni liondoke. Tayari alikuwa amekunja kikoi aniruke. Na huku ametoa wembe, kwa kuwa kuruka kusipofaa, nichanjwe chale.

Mama Mbeyu alifika polepole. Hakuwahi kumkimbilia mtu aliyebanwa, alisema kukimbia kunamtisha mgonjwa na kunawatisha ng'ombe.

"Toa kamba hiyo. Na wewe, rudisha wembe, huyu si mbuzi. Salimu, kaa. Nyoosha goti. Nyoosha, nimesema. Sasa shika vidole vya mguu, vivute kuja kwako, taratibu. Usivikwanyue. Vivute kama unavyovuta ndoo kisimani, usije ukamwaga."

Nikavuta. Ilikuwa kama kufungua mlango ulioota kutu. Akaniambia nisiuachie, nihesabu pumzi zangu, si maumivu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya shavu, akalisugua kwa upole kuelekea juu, mpaka ngumi ile ikafunguka kidole kimoja kimoja.

"Viatu hivi," akasema, "umevivaa lini?"

"Leo, mama."

"Kiatu kipya ni cha kwenda arusini. Safarini nenda na kiatu kinachokujua."

Nikamalizia njia na champali za kuazima. Viatu vile vyeupe nilimpa Chaka, akavivaa kanisani.

Hilo ndilo la kwanza, basi: mguu uliokaza hauhitaji kamba wala wembe. Unahitaji kunyooshwa kinyume cha unakotaka kwenda. Shavu la nyuma likikaza, unyayo uvute juu. Ukiweza kusimama, simama ukiegemea mti, mguu unaouma uweke nyuma, kisigino kikanyage chini chote, ujisukume mbele kidogo kidogo. Paja la nyuma likikaza, kaa unyooshe mguu uinamie mbele. Likikaza la mbele, simama, kunja goti, shika kifundo ukivute nyuma kuelekea kiunoni. Kisha usirukie safari. Mguu uliobanwa ni kama mtoto aliyelia akanyamaza, ukimsemesha kwa ukali anaanza tena.

Na kabla ya haya yote, mwanzo wa safari nenda polepole kuliko unavyotaka. Mama Mbeyu alikuwa na kipimo chake. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umezidisha.

Sasa niwaeleze habari ya maji, maana hapa ndipo sisi waswagaji tulipokuwa na ugonjwa wetu wenyewe, ambao sijausikia kwa watu wengine. Tulikuwa na mwiko: mswagaji hanywi kabla ya ng'ombe wake kunywa. Ni mwiko mzuri. Unafundisha huruma. Wazee wetu waliushika, na aliyeuvunja aliimbwa kwenye ngoma. Lakini ng'ombe hunywa asubuhi kisimani na jioni mtoni, na katikati ana ghala lake tumboni. Sisi hatuna ghala. Tulikuwa tukitembea na chupa zilizojaa, zikigongagonga mapaja yetu, na hatuzifungui, kwa heshima, huku misuli ikikauka kama ngozi iliyoanikwa juani.

Mama Mbeyu aliupindisha mwiko bila kuuvunja. Kila tulipofika kichwa cha mlima alichovya vidole katika chupa yake, akampaka ng'ombe wa mwisho maji puani.

"Haya," akasema, "amekunywa. Kunyweni."

Tukanywa funda mbili tatu, si zaidi. Funda mbili kila kilima, tangu asubuhi kabla ya kiu. Kwa sababu niliwahi kufanya kinyume pia: nilikaa na kiu mchana kutwa, kisha nikafika kisimani nikanywa mpaka tumbo likalia kama mtungi, na jioni ile ile miguu ikanibana yote miwili. Nilishangaa. Nimekunywa maji yote haya!

"Maji umekunywa," Mama Mbeyu akasema, "chumvi je? Lamba mkono wako."

Nikalamba. Mkono ulikuwa chumvi tupu.

"Imetoka hiyo. Umerudisha nini?"

Tangu hapo nikabeba chumvi kidogo ya jikoni, nimeifunga kwenye kitambaa, na sukari kidogo. Ncha ya kijiko cha chumvi kwenye chupa kubwa, isizidi ladha ya machozi. Dafu likipatikana ni zuri, ndizi ni nzuri, muhogo wa kuchemsha wenye chumvi ni mzuri. Lakini isikilizeni habari ya Chaka, mpate kujua mpaka. Sisi hubeba magadi kwa ajili ya ng'ombe kulamba. Chaka aliposikia habari ya chumvi, akaona kwa nini abebe mbili. Akatafuna bonge la magadi, akashushia maji. Kuanzia hapo hadi Lukore hatukumwona njiani, tulimsikia tu vichakani.

"Chaka, umebanwa?" nilikuwa nikimwita.

"Andazi, niache!" sauti ikijibu kutoka kwenye majani. "Natamani ningebanwa!"

Kwenda chini kunaumiza kuliko kwenda juu, na vijana hawaamini mpaka wapate. Mlimani unapanda kwa pumzi, mteremkoni unashuka kwa misuli, kila hatua ni breki. Punguza hatua ziwe fupi, kunja magoti kidogo, na shuka kwa kukata upande, kulia kisha kushoto, kama maji yanavyojitafutia njia. Ukifika chini nyoosha mashavu ya miguu kabla hujakaa. Na ukilala, usiache blanketi zito likusukume nyayo chini, maana msuli unaokosa kukukamata njiani hukuvizia kitandani.

Jingine hili silitanii. Msuli uliokaza huja na kuondoka. Tuliwahi kuwa na mwenzetu ambaye mguu mmoja tu ulivimba shavu, ukawa wa moto na mwekundu, na maumivu hayakuondoka hata alipolala. Sote tulitaka kumkanda. Mama Mbeyu alituzuia kwa fimbo. "Huo si wa kusugua. Huo ni wa daktari, leo hii." Akampakia kwenye gari la kwanza lililopita. Daktari alimwambia damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa, na kama tungeukanda, ingeweza kusafiri hadi kifuani. Mtu huyo yu hai, ana wajukuu. Mguu ukivimba upande mmoja, au pumzi ikawa nzito, acheni ujuzi wangu huu, nendeni hospitali.

Yote hayo nilikuwa nayajua, tena nayajua kwa majivuno, mwaka ule Bi Mwanakombo alipokuja Ndavaya kuchagua ng'ombe.

Bi Mwanakombo alikuwa msukaji wa makuti wa Msambweni, mama mnyoofu mwenye vidole vigumu. Yeye na wanawake wenzake sita, wote wasukaji makuti, walikuwa wamejinyima kwa muda mrefu wapate ng'ombe mmoja wa kuchinja kwa watu saba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchinja kwa ajili yake mwenyewe. Aliwazunguka ng'ombe wote zizini, akasimama mbele ya dume jeusi lenye kipaji cheupe.

"Huyu," akasema. Kisha akaniita kando. "Salimu mwanangu, nisikilize. Tuko saba. Wawili wetu wako kitandani, hawana hakika ya Idd nyingine. Huyu akifika mzima, tumechinja. Akifika anachechemea, tutamla, lakini hatutakuwa tumechinja. Tutakuwa tumekula nyama tu."

"Atafika, Bi Mwanakombo. Inshallah."

"Sikuulizi kama atafika. Nakuuliza atafikaje."

Mama Mbeyu alikuwa amesikia. Akachukua kamba ya Kipaji, ndivyo tulivyomwita, akaniwekea mkononi. Mara ya kwanza kwangu kupewa kamba ya mbele. Nilihisi kama nimekabidhiwa funguo za mji.

Kipaji alikuwa na nguvu na haraka. Tulikuwa na wengine wachache, wakiswagwa na Chaka katikati na Mama Mbeyu nyuma. Tulitoka mapema kusudi tusikimbizane na Idd, lakini mvua ikatukamata Lukore, njia ikawa utelezi, tukangoja. Ndiyo sababu kipande cha mwisho cha safari kiliangukia siku ya Arafa, siku ambayo Waislamu wengi hufunga, kesho yake ni Idd.

Nami nilifunga. Sikusukumwa na mtu. Niliona nimebeba ibada ya wanawake saba mkononi, ningeibebaje nikiwa nimeshiba?

Tulikuwa tumelala kwa Mama Mutuku, mama Mkamba aliyehamia shamba la Lukore tangu ujana wake. Asubuhi akatuletea sufuria la pure, mahindi na maharagwe, na uji.

"Ai, Salimu! Hata uji hutaki?"

"Nimefunga, Mama Mutuku. Leo Arafa."

"Na unaenda mpaka Msambweni? Kwa hizo miguu?"

"Kwa hizi hizi."

Mama Mbeyu, ambaye si Mwislamu, alimaliza uji wake. Alinisubiri njiani.

"Mimi dini yako siijui kama wewe. Lakini nimeswaga na Waislamu tangu kabla hujajua ng'ombe ana kwato ngapi. Msafiri hana ruhusa?"

"Anayo. Hata hii yenyewe ni sunna, si faradhi. Lakini Bi Mwanakombo amefunga leo kwa ajili ya ng'ombe huyu."

"Bi Mwanakombo amekaa kivulini. Wewe umeshika kamba."

"Mama, nitaweza."

Hakurudia. Mama Mbeyu hakuwa mtu wa kumpiga mtu na maneno yale yale mara mbili. Alirudi nyuma ya kundi, mahali pake pa kuona miguu.

Tulifika kichwa cha mteremko wa Mkurumudzi jua limesimama. Shavu la kulia lilikuwa limekwisha bisha hodi tangu Mivumoni. Nililisikia, nikapunguza hatua, nikanyoosha mguu mahali pawili patatu. Kufika pale, Kipaji akasikia harufu ya maji. Masikio yalisimama. Chini kabisa mto ulikuwa unameta, na kati yetu na mto mteremko mzima ulikuwa mawe, mawe yale yaliyolegezwa na mvua, yanayokimbia chini ya kwato.

Alivuta. Nikakaza visigino. Miguu yote miwili ikanibana kwa pamoja.

Sijui kama mnayajua maumivu hayo, ya miguu miwili pamoja, huna hata mmoja wa kusimamia. Niliketi chini kama gunia. Lakini kando yangu kulikuwa na kisiki cha mkorosho, na mikono yangu, namshukuru Mola, haikuwa imebanwa. Nikaizungusha kamba kwenye kisiki, mara moja, mara ya pili. Kipaji akafika mwisho wa kamba, akasimama, akanguruma.

"Mwachie!" Chaka alipiga kelele akija mbio. "Atakukata vidole!"

"Usimwachie!" Sauti ya Mama Mbeyu kutoka nyuma, na kwa mara moja tu maishani nikamwona anakimbia.

Sikumwachia. Mkono ulichubuka mpaka nyama, alama hii hapa. Chaka alichukua kamba kutoka kisikini, nami nikabaki nimelala chali, nyayo zimeelekea mto.

Kijana wa bodaboda alikuwa anapanda kutoka mtoni. Akasimama, miguu chini, kofia juu ya utosi.

"Mzee, poa? Panda nikupeleke Msambo. Hapo umeisha, mzee wangu."

"Na ng'ombe?"

"Huyo jamaa si ako na kamba? Atamshusha mbio, dakika mbili mko kwa maji."

Chaka akamtazama shangazi yake. "Kijana amesema kweli. Nipe Kipaji nimkimbize. Jua linakwenda, na watu wanamngoja kumkagua leo. Andazi apande pikipiki, tukutane huko."

Mama Mbeyu alikuwa ameshapiga magoti, anavivuta vidole vyangu vya mguu mmoja, na kunielekeza kwa kidevu nivute vya mwingine.

"Kumkimbiza," akasema, "juu ya mawe haya. Afike Msambweni na kwato iliyopasuka. Utamweleza wewe yule mama?"

Chaka akayatazama mawe.

"Ng'ombe huyu atashuka kwa mwendo wa Salimu. Mtu ambaye miguu yake inamuuma ndiye anayejua pa kukanyaga. Kijana, ahsante, nenda." Kisha akanigeukia, na sauti ikawa ndogo. "Sasa ni wewe. Ukibaki na saumu yako, sikulazimishi, nitakuacha kivulini hapa na Chaka atamshusha Kipaji. Ukitaka kumshusha mwenyewe, kunywa."

Hapo ndipo nilipoelewa, wanangu. Nilikuwa nimeitia ibada yangu juu ya ibada ya wanawake saba, na ilikuwa inakaribia kuwaponza. Nilitia chumvi kwenye chupa, nikapiga bismillahi, nikanywa. Sikuona kama nimeshindwa. Niliona kama mtu anayeweka chini mzigo mmoja ili aubebe mwingine vizuri.

Nikala na ndizi mbili alizozificha Mama Mutuku kwenye mfuko wa Mama Mbeyu, "za yule mkaidi." Nikasimama nikiegemea kisiki, nikanyoosha shavu moja, kisha la pili. Sikuondoka mpaka yalipolegea. Halafu nikachukua kamba.

Nawaambieni, sijawahi kushuka mteremko kwa ustadi kama ule. Hatua fupi kama za bibi arusi. Tukakata upande kulia, tukasimama, nikavuta pumzi, nikanyoosha. Tukakata kushoto, tukasimama. Mwanzo Kipaji alikasirika, alinisukuma kwa pua mgongoni. Kona ya tatu hivi akaelewa. Alianza kunitazama. Nikisimama anasimama kabla kamba haijakaza, nikiweka mguu juu ya jiwe nikalijaribu kama linacheza, naye anangoja, kisha anaweka kwato yake pale pale nilipokanyaga. Bustani zote nilizotunza Galu, maua yote niliyoyapanda kwa ajili ya macho ya wageni, hayakunipa fahari niliyoipata kwa kusikia kwato ile nyuma yangu ikitua taratibu. Mto tukaufikia. Akanywa, nikanywa, nikakaa na miguu yangu majini. Kule upande wa pili njia ni tambarare, tukaenda nayo polepole mpaka minazi ikaanza.

Tuliingia Msambweni alasiri imekwisha kukomaa. Wanawake watano walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa mchanga mbele ya nyumba ya Bi Mwanakombo, midomo imekauka kwa saumu. Pamoja nao alikuwa Mzee Hamadi, mtu ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa kukagua wanyama wa Idd.

"Shikamoo, Mzee Hamadi."

"Marahaba. Mmechelewa. Mlete."

Alimtazama macho, akamtazama meno, akapitisha mkono mbavuni. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mtembeze. Kamba ilegee."

Nikailegeza kamba, nikakaa mahali nilipo, nikampa Kipaji sauti. Akaenda hatua mbili. Akasimama. Akainua mguu wa nyuma wa kushoto, akauacha juu hewani.

Nilimwona Bi Mwanakombo ameshika kifua kwa mikono miwili. Mguu ule ulikaa juu muda wa kusoma sura nzima, nadhani, na mimi nikausoma ndani yake mteremko wote, kila jiwe, nikitafuta ni lipi lililonisaliti.

Kipaji akaupiga mguu tumboni, nzi akaruka. Akaushusha, akatembea uwanja mzima mpaka kwenye ua wa makuti, akazunguka, akarudi, kwato nne zikitua mchangani sawasawa, kama mtu anayepiga muhuri.

"Hana ila," akasema Mzee Hamadi. "Mashallah. Huyu kesho anachinjwa kwa moyo mweupe."

Mama mmoja alipiga kigelegele, wengine wakadakia. Nami nikaenda kumpelekea Bi Mwanakombo kamba. Mashavu ya miguu yalikuwa yamekauka kwa kusimama, na kila hatua nilikuwa nayumba huku na huku kama meza yenye mguu mfupi. Mzee Hamadi akanifuata kwa macho, kwa uzito ule ule aliomkagulia ng'ombe.

"Huyu wa nyuma ndiye hafai," akasema. "Anachechemea waziwazi. Mrudisheni Ndavaya."

Chaka aliangukia mchanga kwa kicheko. Wanawake wale, wenye njaa na kiu ya siku nzima, walicheka mpaka wakashikana mabega, na Mama Mbeyu, ambaye sijamwona akicheka hadharani kabla ya hapo, aliziba mdomo kwa ncha ya leso. Nikacheka na mimi, machozi yakinitoka.

Bi Mwanakombo peke yake hakucheka sana. Alipokea kamba, akautazama mkono wangu uliochubuka, kisha akaitazama miguu yangu.

"Ng'ombe ni wa watu saba, Salimu," akasema. "Wa nane haongezwi, sheria haina nafasi hiyo. Lakini Yule anayekubali sadaka ameona ilikuja kwa miguu ya nani."

Akaingia ndani na ng'ombe wake, akiwaita kwa majina wale wawili waliokuwa kitandani, waambiwe amefika, na amefika anatembea.